Sifuri ya Webuye

Gimba lenyewe halina jina, lina namba tu,
kama mahabusu.
Donge la barafu na masizi
linalozurura ng'ambo ya Neptuni,
huko ambako jua ni nyota iliyozidi wenzake kidogo
na mwaka mmoja humeza karibu mia tatu ya kwetu.

Hakuna aliyewahi kuliona umbo.
Hata kwenye darubini za wakubwa ni nukta,
na nukta haina upana.
Lakini usiku wa Jumanne, saa tisa na dakika kumi na moja,
lingepita mbele ya nyota moja hafifu,
na kivuli chake kingeteleza juu yetu,
kiingilie Nakuru, kishuke Londiani, kivuke Nyando,
kizame ziwani
kabla hujamaliza kupiga chafya ya pili.

Tukajipanga kukikinga
kama watu wanaokinga maji ya paa, kila mtu na ndoo yake:
Bosibori Kisii, juu ya dari la zahanati;
Onditi mlimani Riat;
Khasandi Kakamega, mlinzi wa shule akimshikia tochi;
Kimosop Nakuru, kwenye ukingo wa Menengai;
na mimi Webuye, nyuma ya maabara,
darubini ya kuazima juu ya dawati la Kidato cha Pili
lenye mguu mmoja nilioutilia kigae.

Tulielezwa hivi: usiitafute barafu. Itazame nyota.
Ikizimika, hesabu.
Ndivyo wanavyozinasa hata sayari za majua mengine.
Zenyewe hazionekani, ila zikikatiza
mwanga wa mama yao hupungua
kiasi cha koroboi mbu akipita.

Saa tisa na kumi. Baridi ya Chetambe imeniingia shingoni.
Lori linakokota gia kuelekea Malaba.
Saa tisa na kumi na moja.
Nyota yangu ikawaka.
Ikawaka.
Ikaendelea kuwaka kama mtu asiyesikia kwamba anaitwa.

Dakika tatu nzima nilibana jicho pale,
kisha nikarudisha kifuniko
na kuandika daftarini: 0.

Alfajiri simu zikaanza.
Onditi anapiga kelele: tano nukta nane!
Khasandi: tatu nukta saba, na kilio juu.
Bosibori, mbili na ushei.
Kimosop: mawingu. Dalili ya mvua ni mawingu,
akasema, na hata hiyo mvua yenyewe haikunyesha.
Nami nikasema sina kitu,
kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani akaangusha pesa.

Jioni Onditi alituma mchoro.
Mistari mitatu iliyokatika katikati, mapengo sambamba,
moja refu, moja la wastani, moja fupi,
na ncha za mapengo ukizifuata kwa kidole
zinapinda, zinarudi:
kiazi. Kiazi cha barafu
chenye upana wa kutoka Kisii hadi kupita Kakamega.
Na juu kabisa, peke yake, mstari wangu,
mzima, ukingo wa karatasi hadi ukingo.
Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu:
Bila huu wako, Mwalimu,
tungelichora mpaka Kitale.
Linaishia kati yako na Khasandi.

Nimefundisha miaka kumi na tisa.
Kila asubuhi naita majina; penye kimya
natia sifuri, nafunga rejista, somo linaendelea.
Leo nilipofika kwa Masika,
siku ya nane sasa,
sifuri nane mfululizo kama shanga,
nikaweka kalamu chini.

Nikauliza: nani anaishi karibu na kwao?